Waliosoma Diski kwa Namba

Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, ulimwamini fundi wake kuliko mifumo mingi iliyoufuata. Ulimkabidhi diski nzima aisome kama faili moja. Kwenye saraka ya /dev kulikuwa na faili maalumu, na kila moja ilisimama badala ya kifaa. Diski ya RK05, ya kwanza katika mashine, iliitwa /dev/rk0. Ukiifungua humkuti mtu wala barua yake. Unakuta bloku 4,872 zilizofuatana, kila moja baiti 512. Jumla haifiki hata baiti milioni 2.5, na watu walifanyia kazi humo.

Jina la pili, /dev/rrk0, ndilo lenye utamu. Kwa jina la kwanza, kila bloku ilipitia akiba ya mfumo, nao ukaiandika diskini kwa wakati wake. Kwa la pili akiba inarukwa, data inaingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya programu yako, bloku nyingi kwa mkupuo. Masharti yake hayakuwa na mchezo: uanzie kwenye mpaka wa bloku, na uombe baiti zinazogawanyika kwa 512.

Ustadi wenyewe ulikuwa kichwani. Katika toleo la sita, la 1975, bloku namba 0 ni ya kuwashia mashine, namba 1 inaeleza diski yote, na kuanzia namba 2 zimepangwa inodi, yaani rekodi za kila faili: ukubwa wake, mwenyewe, na mahali data ilipo. Kila inodi ni baiti 32, kwa hiyo bloku moja inabeba 16. Faili yenye inodi namba 100 imeharibika? Mbele yake zipo 99; gawanya kwa 16, unapata 6 na baki 3. Basi iko kwenye bloku namba 8 (2 jumlisha 6), baiti ya 96 (3 mara 32). Fundi aliyezoea alikwenda hapo bila kupapasa.

Kulikuwa na programu za kumsaidia: icheck ilihesabu bloku na kujenga upya orodha ya zilizo wazi, clri ilifuta inodi. Ila kuna jambo lililowatenganisha mafundi na wababaishaji. Ukishatengeneza diski iliyobeba mfumo wenyewe, unatakiwa uwashe mashine upya papo hapo, bila amri ya sync, inayoandika diskini yaliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine. Nakala mbovu ya bloku namba 1 bado imo kwenye kumbukumbu hiyo. Ukiiruhusu iandikwe, inafuta kazi yako yote. Kujua wakati wa kutohifadhi ni ujuzi ninaouheshimu kuliko hesabu zile.

Mlinzi pekee wa diski hizo alikuwa ruhusa za faili, zilezile zilizolinda barua za kawaida. Mimi naona zilitosha, kwa sababu aliyepewa ruhusa alitarajiwa kujua anachofanya.

Msomaji mwenye Linux, mlango huo wa kusoma diski kama faili bado uko wazi. Chukua flashi, hakikisha jina lake, usome bloku ya kwanza kwa dd na uipitishe kwenye od -tx1. Soma tu, usiandike. Kwenye flashi nyingi, baiti mbili za mwisho zitakuwa 55 na aa.