Mkono wa Mwindaji

Huko Kasongo na Kabambare, nchini Kongo, mwindaji husifiwa kwa nyama. Mkono unaomtunza mbwa wake hautajwi. Wapo wasemao basenji, mbwa wa Kongo, ana manyoya mafupi na hujilamba kama paka, basi kumchana ni kazi bure. Sifa hizo ni kweli, lakini si yote. Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana, hivyo manyoya hayangoji msimu: hupukutika kidogo kidogo mwaka mzima. Mkono unaopitishwa mgongoni mara kwa mara huyatoa yaliyokufa, tena hukuta kupe nyuma ya sikio na mchubuko chini ya kamba ya kengele ya mti anayofungwa akienda kuwinda. Ulimi haufiki huko. Mbwa mwenye kidonda shingoni hafungwi kengele, na mbwa huyu habweki ovyo: bila kengele, msituni hajulikani alipo.