Tamasha la Kifaransa kwa Saa za Timau

Wafaransa walipoanzisha Fête de la Musique tarehe 21 Juni 1982, kazi kubwa ilifanywa na jua. Waziri wa utamaduni Jack Lang na Maurice Fleuret, aliyesimamia muziki wizarani, waliichagua siku ndefu, wakawaita watu watoke na ala zao barabarani kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu. Paris wakati huo bado ni kweupe. Jua huzama karibu saa nne. Hapakuhitajika taa, ukumbi wala tiketi, na wanamuziki walipiga bila malipo.

Nairobi iliipokea sherehe hiyo kupitia Alliance Française. Ukiipandisha hadi mji wetu wa Timau, tarehe inakubali, saa zinakataa. Masika yamepita, sawa, lakini tuko karibu na ikweta: jua linatuaga kama saa kumi na mbili na nusu, Juni au Disemba, na baridi ya Mlima Kenya haibembelezwi. Anayetaka usiku alipie taa. Mimi ningeanza saa nane mchana.

Mchana nao una ukorofi wake. Ardhi ikipata joto, hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Uwanjani hakuna ukuta wa kuirudisha. Juu ya hayo, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kama desibeli 6. Kutoka mita 5 hadi mita 40 zimeshapotea 18. Mafundi wengi hukimbilia kuongeza sauti, wa mbele wakaumia masikio na wa nyuma wasisikie maneno. Dawa ni jozi ya pili ya spika katikati ya uwanja. Ikiwa mita 40 kutoka jukwaani, icheleweshwe milisekunde 117, muda ambao sauti husafiri umbali huo, na kumi hivi za ziada ili sikio liamini kwamba mwimbaji yuko jukwaani. Bila hivyo, kila neno la Kifaransa litasikika mara mbili, na wengi wetu hata mara moja linatushinda.

Jenereta je? Timau iko juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Ya kVA 20 ihesabiwe kama 16.

Giza likiingia mambo hugeuka: ardhi hupoa kwanza, sauti hupinda chini na kusafiri mbali hadi kwa waliolala. Kanuni za kelele za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 hazimsamehe mtu kwa kuwa kiingilio ni bure. Ningefunga saa kumi na mbili, matatu za Meru na Nanyuki zikiwa bado zinaita abiria.