Maneno ya Kufungashia Programu: Kifurushi, Pakua na Sakinisha

Kwa miaka mingi mjadala wa istilahi za kompyuta umezungukia jina la mashine yenyewe: iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una manufaa yake, lakini umetusahaulisha maneno ambayo mtumiaji mgeni hukutana nayo kabla ya mengine yote, yaani maneno ya kufungasha, kusambaza na kuweka programu. Katika makala haya tutachambua baadhi ya maneno hayo kwa kutumia karatasi moja ya maelekezo tuliyoonyeshwa Maisaka, mjini Babati.

Karatasi hiyo ilifuatana na programu ya kutunzia alama za wanafunzi. Programu ilitungwa kwa ajili ya mfumo wa Linux, kisha ikarekebishwa ili itumike katika Windows, na walimu wakawa wanapeana kwa flashi. Hatutamtaja aliyeandika maelekezo, kwani nia yake ilikuwa njema. Agizo la tatu lilisema: "Futa kifurushi cha zamani kabla ya kusakinisha kipya." Sasa, programu hiyo ni ya namna isiyotawanya vitu vyake katika mashine, kila kitu, hata alama anazoingiza mtumiaji, hukaa katika folda moja yenye jina la programu. Mwalimu mmoja alitii agizo. Alifuta folda, na alama za muhula mzima zikaenda nayo. Alituambia hivi: "Mimi kifurushi ninachokijua ni cha simu. Kwenye kompyuta nikaona folda ya jina lile lile, nikasema bila shaka ndicho."

Kwa maoni yetu, kosa hilo si la mwalimu. Ni la istilahi.

(a) Kifurushi. Kwa mafundi wa Linux neno hili lina maana mahsusi. Katika mfumo wa Debian, kwa mfano, ulioanzishwa mwaka 1993, kifurushi hubeba mafaili ya programu, maelezo yake, na orodha ya programu nyingine inazozitegemea. Umbo la neno halina kasoro: furushi ni neno la siku nyingi, na ki- ya udogo imekaa mahali pake. Lakini kampuni za simu zimekwisha litwaa. Leo, Maisaka kama kwingineko nchini, kifurushi ni kiasi cha dakika, ujumbe na intaneti kinachonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi. Hutumika, huisha, na hakuna anayekililia. Neno lenye mazoea hayo likiwekwa baada ya kitenzi "futa" hualika maafa. Kwa mtumiaji wa kawaida tunapendekeza bunda, kama tusemavyo bunda la karatasi: bunda la programu ni kile anachopokea kabla hakijafunguliwa. Folda isiitwe bunda hata mara moja.

(b) Pakua. Neno hili limeenea na hatuna nia ya kulipinga. Hata hivyo, tuone lilivyojengwa. Chakula hupakuliwa kutoka chunguni, na shehena hupakuliwa kutoka chomboni. Kitenzi humtazama yule anayetoa. Mtu wa Maisaka anayepakia magunia ya mahindi katika lori huiona simu yake kama lori: yeye anaipakia programu. Kwake pakua na pakia hubadilishana mahali. Dawa si neno jipya, bali ni sentensi kamili: "Pakua bunda kutoka mtandaoni, ulihifadhi katika simu."

(c) Sakinisha, sasisha, sanidi. Kila neno kwa peke yake lina hoja. Sakinisha lina undugu na maskani, maana yake kukipa kitu makao. Sasisha limetokana na sasa. Sanidi halijatulia: wengine hulitumia kwa maana ya kusakinisha, wengine kwa kurekebisha mipangilio. Yakipangwa pamoja katika ukurasa mmoja, yote matatu huanza kwa silabi moja na yote huamrisha kufanya kitu juu ya programu. Wasomaji wengi wa Babati wamezaliwa katika Kiiraqw, Kigorowa au Kirangi, na maneno haya hawakuyasikia nyumbani. Maelekezo yao yangetosheka na "weka", "weka toleo jipya" na "rekebisha mipangilio".

(d) Programu iliyohamishwa. Kitu kikihamishwa, kilikotoka hubaki patupu. Ndivyo lilivyo faili. Programu iliyotoka Linux kwenda Windows haikuondoka Linux. Kwa waandishi wa programu tungependelea kuhawilisha. Kwa mtumiaji inatosha kusema "imerekebishwa ili itumike katika Windows".

Huenda mafundi wakasema kwamba maneno mepesi hupunguza usahihi. Tunajibu kwamba daktari huandika shinikizo la damu na mgonjwa husema presha, na matibabu hayaharibiki. Kinachoharibu ni kumpa mgonjwa cheti kilichoandikwa kwa ajili ya daktari mwenzake.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kuthibitisha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kusema Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Lakini maneno ya ndani ya nyumba hayamsaidii mgeni aliyekwama mlangoni. Programu haijamfikia mtumiaji mpaka karatasi inayoifuata imemfikia.

Basi tunawaomba watafsiri wa maelekezo wazingatie mambo matatu: tendo moja lipewe neno moja tangu mwanzo hadi mwisho; agizo lolote la kufuta litanguliwe na agizo la kuhifadhi nakala, na litaje kwa jina kinachofutwa; na kabla ya kuchapwa, karatasi isomwe na mtu asiyeijua programu, huku mwandishi akikaa kimya pembeni. Walimu na watumishi wenye karatasi za namna hii watuletee, pamoja na maoni yao juu ya bunda. Mwalimu wa Maisaka ameshaanza kuingiza alama upya, kutoka katika madaftari.