Kikulacho ki Nguoni Mwako: Uhakiki wa Filamu ya In the Heart of the Sea

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tumechagua filamu, tena ya mbali na ziwa letu: In the Heart of the Sea, iliyoongozwa na Ron Howard na kutolewa mwishoni mwa mwaka 2015. Inasimulia kisa cha kweli cha wawindaji wa nyangumi kutoka Marekani ambao meli yao, Essex, iligongwa na nyangumi na kuzama katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1820. Tuliitazama pamoja na wanafunzi hapa Gisenyi, na mjadala uliofuata ulikuwa mrefu kuliko filamu yenyewe. Hoja yetu katika makala haya ni moja: filamu imemtwika nyangumi mzigo ambao kwa haki ni wa binadamu.

Usuli wa kisa

Essex ilitweka tanga kutoka kisiwa cha Nantucket mwezi Agosti 1819. Wakati huo mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa za nyumba na mitaa ya Marekani na Ulaya, na Nantucket ilitajirika kwa biashara hiyo. Nahodha alikuwa George Pollard, na msaidizi wake wa kwanza Owen Chase. Tarehe 20 Novemba 1820, karibu na mstari wa ikweta, mbali kabisa na nchi kavu, nyangumi dume mkubwa aliigonga meli mara mbili kwa kichwa. Mabaharia 20 wakajikuta katika mashua tatu ndogo, wakiwa na mikate mikavu na maji ya kugawana kwa kipimo. Walielea baharini kwa muda wa miezi mitatu hivi. Njaa ilipozidi, walikula maiti za wenzao, na hatimaye katika mashua moja walipiga kura ili kujua nani auawe wengine wapate kuishi. Waliookoka walikuwa wanane tu: watano katika mashua, na watatu waliokuwa wamechagua kubaki katika kisiwa kidogo kisicho na watu.

Filamu inatokana na kitabu cha mwanahistoria Nathaniel Philbrick kilichochapishwa mwaka 2000. Kisa kimewekwa ndani ya kisa kingine: mwandishi Herman Melville anamtembelea mzee Thomas Nickerson, aliyekuwa mtoto wa meli katika Essex, na kumsihi asimulie. Huo ni ubunifu wa filamu. Katika historia, Melville aliusoma mkasa huo katika kitabu cha Owen Chase mwenyewe, akautumia katika riwaya yake Moby-Dick ya mwaka 1851. Hatuioni hiyo kuwa dosari. Masimulizi ya mzee kwa kijana ni mbinu tunayoijua vizuri katika fasihi simulizi yetu, na uso wa Brendan Gleeson, anayeigiza mzee Nickerson, unabeba aibu ya miaka 30 bila maneno mengi.

Yanayostahili sifa

Haki itendeke: kifani, filamu hii ina nguvu. Sehemu ya kwanza inaonyesha kazi ya uwindaji wa nyangumi kwa undani usio wa kawaida. Mtazamaji anaona chusa likirushwa, kamba ikienda mbio hadi kutoa moshi, damu ikiruka kutoka pua ya nyangumi na kuwanyeshea wapiga makasia. Kisha kijana Nickerson anateremshwa ndani ya kichwa cha mnyama aliyekufa ili ateke mafuta kwa ndoo. Mwanafunzi aliyeiona picha hiyo hahitaji kuhubiriwa kuhusu tamaa ya mali. Hapo filamu inatenda kazi ya fasihi bora: inaonyesha, kisha inanyamaza.

Mgogoro wa Pollard na Chase nao umejengwa vyema. Mmoja ana jina la ukoo, mwingine ana ujuzi. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa methali “Manahodha wengi, chombo huenda mrama” ataupata hapa bila shida.

Dosari kuu

Shida inaanza meli inapozama. Katika filamu, nyangumi anageuka kuwa adui mwenye kinyongo. Anazifuata mashua na kuwarudia manusura, hadi Chase anaposhika chusa, wanatazamana macho kwa macho, naye anauzuia mkono wake. Ni picha nzuri, lakini inalipotosha swali. Nyangumi aliivunja meli. Hakuwaua wale watu. Siku ile ya mkasa mabaharia wote 20 waliingia katika mashua wakiwa hai. Kilichowaua wengi wao ni uamuzi uliofuata.

Visiwa vya karibu zaidi vilikuwa upande wa magharibi, na pepo zingewasukuma huko. Nahodha Pollard alipendekeza waende Visiwa vya Society, huko Tahiti. Chase na mwenzake Matthew Joy wakakataa. Walikuwa wamesikia kwamba watu wa visiwa vile wanakula watu. Nahodha akakubali. Basi wakaelekea kusini ili baadaye wageukie mashariki, kuutafuta mwambao wa Amerika ya Kusini, safari ya maelfu ya maili dhidi ya upepo. Kwa kuwakimbia walaji watu ambao hawakuwahi kuwaona, wakawa walaji watu wenyewe. Wahenga wetu walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Hiki ndicho kiini cha kisa chote, na mtunzi mkubwa wa tanzia angekijenga juu yake. Filamu haikai hapo. Inapita kama basi lisilo na abiria wa kushusha, na kuturudisha kwa nyangumi. Hata kura ya kifo imelainishwa. Katika historia kura ilimwangukia kijana Owen Coffin, binamu wa nahodha, akapigwa risasi na rafiki yake aliyepata kura ya kuua. Katika filamu kura inamwangukia nahodha, na kijana anajiua kwa hiari yake. Kosa la pamoja limegeuzwa kuwa ushujaa wa mtu mmoja.

Sisi wa mji huu tunalisoma jambo hilo kwa macho yetu. Tunaishi mpakani, Goma ikiwa hatua chache kutoka hapa, na tunajua namna habari za jirani zinavyokua kila zinapopita mdomoni. Nchi yetu inajua zaidi ya hapo. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maneno ya kumfanya jirani aonekane si mtu yalitangulia mapanga. Hatulinganishi misiba hiyo miwili. Tunasema tu kwamba msanii anayeacha uvumi upite bila kuuhoji, na badala yake akamlaumu mnyama, ametuacha bila fundisho tulilolihitaji.

Wahusika walionyamazishwa

Kuna kimya kingine. Kati ya wale 20 waliozama na Essex, sita walikuwa Wamarekani Weusi. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi nyumbani. Kati ya watu saba walioliwa, wanne wa mwanzo walikuwa Weusi. Haisemekani kwamba waliuawa. Walikufa kwa njaa na kiu. Lakini kwa nini walitangulia kufa? Katika meli walilala sehemu ya mbele, pamoja na mabaharia wa chini, ambako chakula kilikuwa duni kuliko cha wenyeji wa Nantucket. Waliingia katika mashua wakiwa dhaifu tayari. Na Nantucket ulikuwa mji wa Waquaker waliojivunia kupinga utumwa! Philbrick analijadili suala hili katika kitabu chake. Filamu inawapa wahusika Weusi sura na maneno machache, kisha inawasahau. Katika hadithi ya njaa, kuuliza nani alikula vizuri kabla ya njaa ni kuuliza swali la kitabaka, na wanafunzi wetu waliofunzwa kuhakiki maudhui hawapaswi kuliacha.

Lugha: nyangumi na sisi wapi na wapi?

Msomaji anaweza kuuliza hivyo, na jibu limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Pwani yetu ilimjua nyangumi zamani. Tangu karne ya 10 Al-Masudi aliandika kuhusu ambari ya nchi ya Zanj, ile dutu yenye thamani inayotoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi. Karne ya 19 meli za Marekani zilifika Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Zilileta kitambaa ambacho misafara ilikiingiza bara, nacho kikaitwa merikani. Na miongoni mwa meli hizo zilikuwamo za wawindaji wa nyangumi waliotafuta maji na chakula. Mmoja wao, J. Ross Browne, alichapisha mwaka 1846 kitabu kuhusu maisha magumu ya meli hizo na siku zake za Unguja. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilihakikiwa gazetini na Herman Melville yuleyule. Kwa hiyo njia iliyoelekea Moby-Dick ilipitia pia bandari ya Waswahili.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na sisi walimu tumeshughulika zaidi na msamiati wa ofisi, soko na mpaka. Msamiati wa bahari tumeuacha, kana kwamba ni mali ya Lamu na Pemba pekee. Filamu hii ni nafasi ya kuurudisha. Chukua neno kura. Wanafunzi wetu wanalijua kwa uchaguzi. Wakiona vijiti vikichomolewa mashuani wanaelewa maana yake ya asili, na hawaisahau tena. Chukua jina la filamu. Wengi walilitafsiri “katika moyo wa bahari”. Kiswahili kina neno lake, kilindi, lililomo katika jina la bandari ya Kilindini, Mombasa. Na kile walichofanya Pollard na wenzake, kwenda upande ule upepo unakotoka, mabaharia wa pwani hukiita kubisha. Kuyatoa maji chomboni ni kuyafua.

Tunapendekeza zoezi. Vijana wetu wanapenda filamu zinazosimuliwa upya kwa Kinyarwanda, zile ziitwazo agasobanuye. Wapewe dakika 10 za filamu hii, tangu meli inapogongwa hadi mashua zinapoachana na mabaki yake, wazisimulie kwa Kiswahili sanifu. Kisha waandike mazungumzo ambayo filamu haikuyapa nafasi: nahodha akitaka kwenda magharibi, wasaidizi wakimtisha kwa habari za walaji watu, na Richard Peterson, baharia Mweusi, akiwasikiliza kutoka upande wa pili wa mashua. Angesema nini kama angeulizwa?

Hitimisho

Tunaipendekeza filamu hii kwa walimu na wanafunzi, kwa sharti kwamba wasiitazame kama hadithi ya mnyama mkali. Ni filamu yenye picha za kuvutia na uigizaji mzuri, iliyopata kisa kizito ikaogopa uzito wake. Waliyoyaogopa mabaharia wa Essex yalikuwa maneno matupu, na maneno hayo yaliwapeleka mbali na visiwa ambako huenda wangeokoka. Sisi ambao kazi yetu ni maneno hatuwezi kuliacha jambo hilo lipite.