Likizo Inayoishia Mlangoni

Insha za likizo ya Mji Mkongwe zimeanza kufanana. Msimulizi anashuka boti, anapotea vichochoroni, anapiga picha mlango wa nakshi, kisha anakula urojo Forodhani jua likizama. Nyingi zimeandikwa vizuri. Kasoro yake ni moja: zinausifia mlango bila kuuliza fedha za kuuchonga zilitoka wapi.

Chukua nyumba ya Tippu Tip, ambayo wageni huonyeshwa hadi leo. Mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alifariki Unguja mwaka 1905. Baba yake aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Msingi wa nyumba ile, basi, uko Unyamwezi, mwendo wa karibu miezi mitatu kwa miguu kutoka pwani.

Insha chache zinazokumbuka bara huwa na watu wa aina mbili tu: tajiri na mtumwa. Watumwa walikuwepo, na uchungu wao haupunguzwi kwa neno lolote. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba pembe za ndovu walikuwa wapagazi wa ujira, watu waliopatana malipo na waliotua mizigo wakatoroka walipoona wamedhulumiwa. Mtu huyu hana nafasi katika insha zetu. Hata Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili chenye kasi na ucheshi, humtaja zaidi kama idadi, au kama kero anapotoroka. Msomaji makini husikia sauti ya mpagazi hapohapo, katika hasira za tajiri.

Tabora nako hakuna nafuu. Tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, limebaki na jina la Livingstone. Stanley aliporudi pwani, Livingstone alikaa humo hadi Agosti akisubiri nini? Wapagazi. Alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita Unyanyembe hadi Bagamoyo. Nyumba ikapewa jina la aliyesubiri, si la waliosubiriwa.

Utasema likizo ni ya kupumzika, si darasa la historia. Sawa. Ila ukishaamua kuandika, umeacha kupumzika. Umeanza kuchagua nani aonekane na nani afichwe. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Njia ya misafara inayopita Kwihara hadi Ujiji imo katika orodha ya kusubiri tangu 2006. Waandishi hatuna haja ya kusubiri nayo. Reli ya kati inafika Tabora. Anayetaka kuuelewa mlango wa Unguja akate tiketi, ashuke pale, aanzie insha yake huko, kisha ateremke nayo pwani kama mizigo ilivyoteremka.