Kidonda Kisichosemwa

Wengi wetu tulio wanaume tuliingia jandoni, nasi twaijua amri ya kwanza ya kumbini: vumilia, usilie, wala ya ndani usiyatoe nje. Yafaa basi tuangalie vitabu viwili vya Waxhosa wa Afrika Kusini, watu ambao nao huwapeleka vijana wao kumbini.

Cha kwanza ni Long Walk to Freedom cha Nelson Mandela, kilichotolewa mwaka 1994. Asimulia jinsi alivyotahiriwa mwaka 1934, mwenye umri wa miaka 16, kando ya mto Mbashe. Kila kijana, akiisha kukatwa, alipaswa kupaza sauti papo hapo kwamba amekuwa mwanamume. Mandela alichelewa kidogo kwa maumivu, akaona haya. Mtu mkuu kuungama hayo si jambo dogo. Walakini kidonda chake kilipona, na aliyepona huisifu mila kwa urahisi.

Cha pili ni hadithi ya Thando Mgqolozana, A Man Who Is Not a Man, ya mwaka 2009. Kijana Lumkile alitahiriwa, waliopaswa kumwuguza wasimwangalie, kidonda kikaoza, akapelekwa hospitali. Hapo ukaanza msiba wa pili, kwani kwa watu wake aliyeponywa na daktari si mwanamume. Nguvu ya kitabu ni hii: aliyeamriwa kunyamaza ndiye msimulizi.

Wengine watasema mwandishi amefichua siri za wazee. Sikubali. Nyimbo na mafundisho ya kumbini yana heshima yake, bali kidonda kilichooza si fundisho. Katika jimbo la Eastern Cape mamia ya vijana wamekufa tangu mwaka 1995, kwa vitambaa vilivyokazwa mno, kwa sumu ya kidonda kuingia damuni, na kwa kunyimwa maji. Serikali ilitunga sheria ya kusimamia kumbi mwaka 2021. Lakini sheria haiondoi aibu moyoni mwa mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa afichaye ni mlezi, afaye ni mtoto wa mwenziwe.

Kwa hiyo nakipa kitabu cha pili uzito zaidi. Chatuuliza ni nani aliyeshindwa kumbini: kijana aliyehitaji dawa, au mlezi asiyemwangalia? Sisi wenye wana na tujibu kabla hatujawapeleka.