Rika la Nyota Iliyolipuka

Mwishoni mwa Februari, mvua ikikatika na anga likifunguka juu ya vilima vya Kasulu na Kibondo, anayetazama kusini mnamo saa mbili usiku huona doa hafifu la nuru, kama robo ya njia kutoka upeoni hadi utosini. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miakanuru 160,000 hivi. Humo ndimo ilimoonekana supanova 1987A, nyota iliyolipuka. Ilikuwa tarehe 24 Februari 1987, huko Las Campanas, Chile: Ian Shelton aliikuta kwenye picha aliyotoka kuisafisha, na Oscar Duhalde alikuwa ameshaiona kwa macho matupu.

Picha za zamani zilitaja upesi nyota iliyokufa: Sanduleak −69 202, jitu kuu la buluu lenye masi inayokaribia mara 20 ya Jua. Bahati hiyo ni adimu. Nyota nyingi hulipuka mbali mno, bila picha yoyote ya maana iliyotangulia. Hapo wanaulizwa majirani, yaani nyota zilizo karibu nayo.

Nyota ya masi hiyo huishi takriban miaka milioni 10 tu, hivyo haipati muda wa kwenda mbali na ilipozaliwa. Majirani zake wengi basi ni rika lake, na nyota hiyo hukadiriwa umri kwa rika hilo, kama mzee asiye na cheti cha kuzaliwa.

Nino Panagia na wenzake waliifanya kazi hiyo kwa darubini ya anga-nje ya Hubble. Walipima mng'ao wa nyota jirani kupitia vichujio vya rangi mbalimbali. Tofauti kati ya kichujio na kichujio hutoa joto la uso wa nyota. Wekundu unaotiwa na vumbi la njiani huondolewa kwanza, kisha kila nyota huwekwa kwenye mchoro wa joto na mng'ao. Kinachotafutwa ni nyota kubwa kuliko zote ambazo bado zi hai, kwa kuwa zilizozizidi zimeshakufa. Jibu lilichapishwa mwaka 2000: miaka milioni 12 hivi, umri unaooana na masi ya Sanduleak. Uzito wa kazi hii uko hapo: njia ilijaribiwa mahali ambapo jibu lilikuwa linajulikana tayari.

Katika galaksi za mbali nyota hazitenganiki moja moja, hivyo hupimwa mwanga mwekundu wa hidrojeni iliyopashwa na nyota changa. Joseph Anderson na Phil James walionyesha kuwa supanova za aina ya Ic huambatana zaidi na mwanga huo kuliko za aina ya II, dalili ya nyota kubwa zaidi. Kinyume chake, aina ya Ia hutokea hata katika galaksi duaradufu, ambako nyota changa ni haba.

Lakini majirani hawakueleza kwa nini Sanduleak ilikuwa ya buluu, wakati nadharia ilitarajia nyekundu. Pete za gesi ilizozitema miaka 20,000 hivi kabla ya kulipuka zinaelekeza kwenye nyota mbili zilizoungana, na muungano wa aina hiyo huvuruga hesabu ya umri. Emmanouil Zapartas na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba takriban asilimia 15 ya supanova zitokanazo na kuporomoka kwa kiini huchelewa kwa sababu nyota zake ziliishi mbili mbili, zikalipuka miaka milioni 50 hadi 200 baada ya kuzaliwa.